Wamaasai wa Olkaria: Kutoka Mkataba wa 1904 Hadi Meza ya Usuluhishi



Juma hili tunawaalika twende pamoja hadi Bonde la Ufa, kusini mwa Ziwa Naivasha nchini Kenya, mahali paitwapo Olkaria. Jina hilo ni la Kimaa, na maana yake ni ule udongo mwekundu ambao Wamaasai hujipaka. Wengi wetu tumelisikia kwa sababu nyingine: hapo ndipo mvuke utokao chini ya ardhi hugeuzwa kuwa umeme. Sisi tungependa kulitazama kwa macho ya historia. Katika muda wa miaka mia na zaidi, Wamaasai wa bonde hilo wameombwa mara kadhaa kupisha jambo kubwa lenye manufaa kwa nchi nzima, na kila mara imeandikwa karatasi na watu wametia sahihi. Tukizisoma karatasi hizo kwa kufuatana, tutaona jinsi usuluhishi ulivyoanza kuchukua mahali pa amri, na pia ni wapi ulipochelewa.

Jambo kubwa la kwanza lilikuwa reli. Mwishoni mwa mwaka 1901 Reli ya Uganda ilifika katika mwambao wa Ziwa Viktoria. Ilikuwa imekula fedha nyingi za Serikali ya Kiingereza, na Bunge la London lilitaka kujua zitarudi lini. Ili reli ijilipe ilihitaji mizigo. Ili mizigo ipatikane walihitajika wakulima walowezi. Nao walowezi hawakutaka ardhi ya mbali, walitaka ile iliyo kando ya reli. Ardhi hiyo, kuanzia Naivasha kuelekea Nakuru, ilikuwa malisho ya Wamaasai. Tukumbuke kwamba Wamaasai wenyewe walikuwa wametoka katika miaka migumu: sotoka ilikuwa imefyeka ng'ombe wao, ndui imewaua watu, na wao kwa wao walikuwa wamepigana juu ya urithi wa uongozi. Aliyeketi mezani mwaka 1904 hakuwa na nguvu za baba zake.

Mwezi wa Agosti 1904, Kamishna Sir Donald Stewart alifanya mkataba na Olonana, laiboni mkuu, pamoja na wazee wengine. Kwa mkataba huo Wamaasai walikubali kuondoka katika Bonde la Ufa, mbali na reli na mbali na ardhi yoyote ambayo ingefunguliwa kwa Wazungu, wakaingia katika maeneo mawili: moja kaskazini huko Laikipia, jingine kusini. Waliahidiwa njia ya kuunganisha maeneo hayo, yenye maji ya kunywesha mifugo. Waliahidiwa kubakiziwa maili tano za mraba katika miteremko ya Kinangop kwa ajili ya sherehe zao za jando. Na waliahidiwa kwamba mapatano hayo yangedumu muda wote ambao Wamaasai wangekuwapo kama kabila duniani.

Kuna jambo dogo mwishoni mwa mkataba huo ambalo watu wengi hulipita bila kulitazama. Wameandikwa wakalimani. Afisa wa Kiingereza, C. W. Hobley, ametajwa kuwa mkalimani wa Kiswahili, na Waafrika wengine wakalimani wa Kimaasai. Kwa hiyo yaelekea maneno ya wazee yalitoka kinywani kwa Kimaa, yakapita katika Kiswahili, yakatua karatasini kwa Kiingereza. Na ahadi za Serikali zilirudi kwa njia hiyohiyo. Lugha yetu hii tunayoiandikia ilikuwa daraja. Daraja hilo liliwabebaje wazee, tungependa kujua, maana neno kama «kuhama» katika kinywa cha mfugaji, ambaye huhama na kurudi kwa majira ya mvua, si neno lilelile katika kinywa cha mpima ardhi.

Mkataba uliotakiwa kudumu daima ulidumu miaka saba. Walowezi walikuwa wameanza kuitamani Laikipia nayo, na njia ya kuunganisha pande mbili haikudumu. Olonana alifariki Machi 1911. Mwezi uliofuata ulitiwa sahihi mkataba wa pili, na jina la mwanawe Seggi, ambaye alikuwa bado mvulana, likawekwa mbele pamoja na ya wazee waliomsimamia. Watu wa Laikipia walitakiwa wahamie kusini na mifugo yao yote. Kiongozi wao, Ole Gilisho, naye alitia sahihi, lakini muda si mrefu akaonyesha wazi kwamba moyo wake haukuwamo. Wamaasai wakachanga mali, wakatafuta wakili wa Kizungu, wakaishtaki Serikali.

Hukumu ya kesi hiyo, inayojulikana kwa jina la Ole Njogo, ilitolewa na Mahakama Kuu mwezi Mei 1913, na rufani ikatupwa mwezi Desemba mwaka huohuo. Majaji hawakusema kwamba Wamaasai walitendewa haki. Walisema kwamba mikataba ya 1904 na 1911 ilikuwa mikataba kati ya mataifa mawili, Taji la Uingereza upande mmoja na taifa la Wamaasai upande wa pili, na kwamba mambo ya mataifa hayaamuliwi na mahakama za kawaida. Hebu msomaji apime. Watu ambao tayari walikuwa wakitawaliwa, wakilipishwa faini na kuhamishwa kwa amri ya maafisa, siku ya kudai haki waliambiwa kuwa ni wageni. Wakati rufani inaamuliwa, ng'ombe walikuwa wamekwisha kuvuka kwenda kusini, na wengi walifia njiani.

Tumelikawilia jambo hili kwa makusudi, kwa sababu ndani yake yamo maswali yote yatakayoulizwa tena miaka mia moja baadaye: ni nani aliyeketi mezani, alizungumza lugha gani, aliketi kabla ya uamuzi au baada yake, na akidanganywa amwendee nani.

Miaka iliyofuata tunaipita upesi. Katika miaka ya 1950 wataalamu walichimba visima vya kwanza vya majaribio huko Olkaria, wakaacha. Kazi ikarudiwa katika miaka ya 1970, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza ukaanza kutoa megawati 15. Kufikia 1985 zikawa 45. Mwaka 1984 eneo la jirani likatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate. Wafugaji wakajikuta katikati ya mabomba ya mvuke, mipaka ya hifadhi, mashamba ya maua ya Naivasha na mashamba makubwa ya watu binafsi kama Kedong. Agosti 2004, mkataba ulipotimiza miaka mia, Wamaasai waliandamana Nairobi wakipeleka madai yao, na wengine wakaingiza mifugo katika mashamba ya Laikipia wakiamini kwamba muda wa kukodishwa kwa ardhi hiyo umekwisha. Mkataba wenyewe hauna kifungu cha miaka mia. Lakini ambaye babu yake aliahidiwa «daima» na akapewa miaka saba, tusimshangae sana akihesabu miaka kwa namna yake. Polisi waliwatawanya, na huko Laikipia damu ilimwagika.

Sasa tufike kwenye mradi wenyewe. Kuanzia mwaka 2010 Kenya iliamua kuzalisha megawati 280 zaidi za umeme wa jotoardhi huko Olkaria, nusu yake katika kituo kipya kiitwacho Olkaria IV. Mwenye kazi alikuwa KenGen, kampuni ya umeme ambayo Serikali ina hisa nyingi ndani yake. Fedha zilitoka kwa wakopeshaji wengi, wakiwamo Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Tuseme kwa haki kwamba umeme huo ni jambo jema: hautegemei mvua kama mabwawa, wala hauchomi mafuta. Hatumwoni kuwa mwovu yeyote aliyetaka Wakenya wapate taa. Lakini vijiji vinne vya Wamaasai vilikuwa ndani ya eneo la mradi, kimojawapo kikiwa ni kile kilichoitwa Kituo cha Utamaduni, ambapo akina mama waliuza shanga kwa watalii waliokuja Hell's Gate.

Yalifanyika mambo ambayo mwaka 1904 hayakufanyika. Watu walihesabiwa. Kamati iliundwa. Mwaka 2013 hati ya makubaliano ilitiwa sahihi. Zilinunuliwa ekari 1,700, zikajengwa nyumba za kudumu, shule, zahanati na kanisa, na mwezi Agosti 2014 zaidi ya watu elfu moja wakahamia huko. Mwezi Oktoba Rais Uhuru Kenyatta akazindua Olkaria IV.

Mwaka huohuo baadhi ya waliohamishwa wakapeleka malalamiko kwa benki zote mbili. Walisema kuna familia ambazo hazikuhesabiwa. Walisema ardhi mpya ina makorongo na miteremko ambayo haifai kwa malisho, barabara ni mbovu, na wako mbali na kazi na watalii. Walisema hati ya ardhi bado haijaandikwa kwa jina lao. Na walisema wazee wa jadi hawakusikilizwa.

Hapa ni vema tueleze malalamiko ya namna hii hupelekwa wapi, kwa kuwa njia hiyo nayo ina historia, nayo ilifunguliwa na maskini wa mbali. Bwawa la Sardar Sarovar katika mto Narmada huko India lilileta upinzani mkubwa hata Benki ya Dunia ikalazimika kuunda tume huru, ambayo taarifa yake ya mwaka 1992 iliikosoa Benki yenyewe. Matokeo yake, mwaka 1993 Benki iliunda Jopo la Ukaguzi, ambalo mtu wa kawaida aliyeumizwa na mradi anaweza kuliandikia. Halafu Wapehuenche wa Chile, waliokuwa wakipinga mabwawa katika mto Biobío, waliandika malalamiko mwaka 1995 na kuambiwa kwamba Jopo halina mamlaka juu ya lile tawi la Benki linalokopesha makampuni binafsi. Manung'uniko yao yalichangia kuundwa, mwaka 1999, kwa ofisi nyingine ya kupokea malalamiko dhidi ya tawi hilo, na ofisi hiyo ikapewa pia kazi ya kusuluhisha. Kwa hiyo mzee wa Olkaria alipoandika barua mwaka 2014, alipitia mlango uliofunguliwa na wanakijiji wa India. Na wazo la kuweka meza ya usuluhishi karibu na mlango huo lilikuwa na jasho la Wapehuenche ndani yake.

Jopo la Ukaguzi lilitoa taarifa yake Julai 2015. Halikukubali kila lalamiko. Lilikiri kwamba nyumba mpya ni bora kuliko zile za zamani. Lakini lilikuta kwamba Benki haikufuata kanuni zake katika mambo mazito. Benki ilikuwa na sera maalumu ya kulinda jamii asilia, na katika kuwahamisha Wamaasai hawa sera hiyo haikutumika. Baraza la wazee halikupewa uzito wake. Na katika mashauriano, lugha ya Kimaa haikupewa nafasi iliyostahili.

Mnaona, wapendwa, jinsi historia inavyoweza kugeuka upande na kubaki palepale. Mwaka 1913 Wamaasai walinyimwa usikivu kwa kuwa ni taifa tofauti mno. Miaka mia moja baadaye walinyimwa ulinzi maalumu kwa kuwa walionekana ni raia kama raia wengine. Tunajua neno hili «jamii asilia» linasumbua Afrika. Serikali zetu hupenda kujibu kwamba Waafrika wote ni wenyeji, na katika Kiswahili cha kila siku jibu hilo lina mantiki, kwa kuwa mwenyeji kwetu ni yeyote anayempokea mgeni. Hata hivyo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 260, imewataja wafugaji miongoni mwa jamii zilizotengwa. Swali halikuwa nani alifika kwanza. Lilikuwa ni nani ambaye maisha yake yote yamefungwa na ardhi kiasi kwamba ukimpa nyumba nzuri bila malisho unakuwa umempa nusu.

Kazi ya Jopo la Ukaguzi ilikuwa kuchunguza kama Benki imevunja kanuni zake. Wakati huo Jopo halikuwa na chombo cha kusuluhisha. Idara ya namna hiyo iliundwa baadaye, mwaka 2020. Kwa hiyo usuluhishi wa Olkaria uliongozwa na ofisi ya malalamiko ya Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, ikishirikiana na huduma ya malalamiko ya Benki ya Dunia. Ulianza mwaka 2015, baada ya pande zote mbili, KenGen na wanakijiji, kukubali kwa hiari.

Msuluhishi si hakimu. Hana uwezo wa kumlazimisha mtu, na ubaya wa jambo hilo ni dhahiri: mwenye nguvu anaweza kuinuka mezani akaenda zake. Uzuri wake haudhihiriki haraka. Kwa hakimu swali ni nani mwenye haki, na jibu hupatikana mara moja, huku mmoja akishinda. Kwa msuluhishi mtu anaweza kuuliza korongo lililo nyuma ya nyumba ya mjane litazibwa na nani, na lini. Sisi ambao kwa wajibu wetu parokiani huitwa kupatanisha wanandoa na ndugu waliogombania shamba la baba yao, tunafahamu kwamba kazi ya kwanza si kuuliza maswali hata kidogo. Kazi ya kwanza ni kutazama ni nani hayupo. Huko Olkaria jambo hilo lilikuwa gumu hasa, maana wanakijiji wenyewe walikuwa wamegawanyika. Walikuwapo wale wa kamati iliyoshughulikia uhamisho, ambao walitetea kazi yao, na walikuwapo walalamikaji, ambao waliwaona wenzao kuwa wamewauza. Msuluhishi angepatanisha kampuni na kundi moja tu, angekuwa ameandika mkataba mwingine wa 1911.

Mazungumzo yaliendelea hadi mwaka 2016, yakamalizika kwa makubaliano yaliyotiwa sahihi. Yaliyojadiliwa ni mambo ya mikono na miguu: barabara, mmomonyoko wa ardhi, familia zilizoachwa katika hesabu, njia za kujipatia riziki, na hati ya ardhi. Baada ya hapo ilikuwa lazima kufuatilia utekelezaji, hatua ambayo katika usuluhishi mwingi ndiyo inayosahauliwa, na ambayo mwaka 1904 haikuwa na mtu wa kuifanya isipokuwa aliyevunja ahadi mwenyewe.

Pamoja na sifa hizo, kuna jambo ambalo meza ile haikuweza kuligusa. Ilipowekwa, mitambo ilikuwa imeshaanza kuzunguka. Hakuna aliyeweza tena kuuliza kama vijiji vihame au visihame, kama kisima kichimbwe hapa au pale. Usuluhishi uliofika baada ya zege kukauka huweza kuponya mengi, lakini hauwezi kurudisha nafasi ya kusema hapana. Ndiyo maana wanasheria wa haki za binadamu husisitiza ridhaa iliyo huru, itolewayo kabla ya mradi, na mtu akiwa na habari zote mkononi. Msingi huo umo katika Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2007 juu ya haki za jamii asilia. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi ambazo hazikupiga kura upande wowote siku hiyo.

Huenda msomaji akauliza kama haikuwa afadhali kwenda mahakamani. Mfano upo, tena si mbali. Waendorois waliondolewa kandokando ya Ziwa Bogoria katika miaka ya 1970 ili pawe hifadhi ya wanyama. Mahakama Kuu ya Nakuru iliwakatalia mwaka 2002. Wakaenda kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo Mkataba wake unaitaka itafute kwanza njia za maelewano kabla ya kutoa taarifa. Maelewano hayakupatikana, na uamuzi uliotangazwa mwaka 2010 uliwapa ushindi mkubwa: warudishiwe ardhi yao, waruhusiwe kulifikia ziwa, walipwe fidia na sehemu ya mapato. Tume hiyo ilikuta pia kwamba haki ya maendeleo yenyewe imevunjwa. Mwaka 2014 Serikali iliunda kikosi kazi cha kushughulikia utekelezaji. Muda wa kikosi hicho ulikwisha, na ardhi haikurudi. Wazee wa Bogoria walipata maneno makubwa kuliko wale wa Olkaria. Wale wa Olkaria walipata barabara ya kuzungumzia. Kwa maoni yetu kila upande ulihitaji kitu cha mwingine, maana ni taarifa kali ya Jopo la Ukaguzi iliyofanya meza ya Olkaria iwe na uzito, na ni kukosekana kwa meza kama hiyo kulikoufanya uamuzi wa Bogoria ubaki juu juu.

Katiba ya 2010, Ibara ya 159, imezitaka mahakama za Kenya ziendeleze upatanisho, usuluhishi na njia za jadi za kutatua migogoro. Na mwaka 2016, mwaka uleule wa makubaliano ya Olkaria, Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi ya Jamii, ambayo inaziwezesha jamii kusajili malisho yao kwa jina lao wenyewe. Ekari 1,700 za Olkaria hazikuingia katika hesabu hiyo. Zilikuwa sehemu ya shamba la Kedong, zikanunuliwa kwa fedha kutoka kwa mwenye hati, katika bonde lilelile ambalo mwaka 1904 wazee waliambiwa waliache ili reli ipate mizigo.